Gloire na Warrior: ipi ilibadilisha vita vya baharini?

Wafaransa walitangulia. Manowari yao, Gloire, ilishushwa majini 1859, ikiwa imevishwa mabamba ya chuma ya milimita 120 hivi, toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Lakini chini ya vazi hilo, mwili ulikuwa wa mbao zilezile za jadi.

Waingereza wakajibu mwaka 1860 kwa Warrior, na mimi niko upande wake. Mwili wote chuma, ndani umegawanywa vyumba visivyopitisha maji. Ubavuni, bamba la milimita 114 limeegemezwa kwenye mbao nene za mtiki. Kweli, omo na tezi ziliachwa bila mabamba, kasoro kubwa. Ila ilikimbia maili 14 za bahari kwa saa! Gloire ilishavunjwa; Warrior ingali inaelea Portsmouth, Uingereza.