Darasa la Marudio kwa Wanafunzi wa Uuguzi, Karibu na Ngong Road

Darasa hili la Jumamosi, lililo katika jengo la ghorofa si mbali na Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, huwaandaa wanafunzi wa uuguzi kwa mitihani ya chuo na ule wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Mimi ni muuguzi ninayesimamia wanafunzi wodini, na niliandamana na mpwa wangu wa mwaka wa pili nikitaka kujua kama mwanafunzi hutoka hapa akiweza kuufanya mtihani kwa akili yake mwenyewe.

Sifa kubwa ni ya hesabu za dawa, kwa maana hofu ya hesabu hizo ndiyo inayowafanya wanafunzi wengi waingie na mwakenya, yaani karatasi ya siri ya kunakili majibu, kwenye chumba cha mtihani. Mwalimu aliwagawia ampuli za mazoezi zenye maji, akawaambia wazichukue kuwa magnesiamu salfeti ya asilimia 50, dawa ya kuzuia degedege yenye gramu moja katika kila mililita 2, kisha watayarishe gramu 4 za kwanza za mama mwenye kifafa cha mimba. Kila mmoja alieleza kwa sauti kwa nini anavuta mililita 8, kwa nini anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, na kwa nini hawezi kutoa dozi inayofuata iwapo mgonjwa anapumua chini ya mara 16 kwa dakika au mkojo wake umepungua chini ya mililita 30 kwa saa. Aliyekosea alirudia palepale wala hakuchekwa. Mpwa wangu, ambaye nyumbani huziacha hesabu hadi mwisho, alikokotoa dripu ya lita moja kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, akapata matone 42 kwa dakika bila kutazama daftari la mwenzake.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu huamini uwezo wake hasa kwa kufanikiwa mwenyewe katika jambo, na ndivyo darasa hili linavyofundisha. Nilifurahi pia kuona wakihesabu pumzi kwa dakika nzima, maana kujaza chati kwa kubahatisha ni udanganyifu uleule wa mtihani, ila hapa anayeumia ni mgonjwa.

Kinachonisikitisha ni kijitabu cha maswali ya zamani na majibu yake kinachouzwa mlangoni. Majibu hayana maelezo yoyote, na nilimsikia mwanafunzi akiyakariri kwa herufi, jambo linalompa ujasiri usio na maarifa. Wodini namhofia zaidi mwanafunzi wa aina hiyo kuliko mwoga anayeuliza. Vilevile hakuna kipindi cha kuandika ripoti ya mgonjwa, ilhali jiji hili limejaa waandishi wa kulipwa walio tayari kumwandikia mwanafunzi kazi yake yote.

Ada ni shilingi 500 kwa kipindi, nayo ni ya haki. Chumba ni kidogo na mwanasesere wa mazoezi ni mmoja, hivyo afadhali kufika mapema. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anayeogopa hesabu za dawa ajiandikishe bila kusita, na fedha za kijitabu azitumie kulipia kipindi kingine.