Muziki wa filamu ndogo: uanze wapi, uishie wapi

Ukitaka kuweka wimbo kwenye filamu, unahitaji ruhusa mbili. Utunzi una mwenyewe, na rekodi ina mwenyewe, na mara nyingi si mtu mmoja. Mtunzi akikubali na lebo, yaani kampuni yenye rekodi, ikakataa, umerudi pale pale. Kwa hiyo njia za kupata muziki nimezipanga kwa kigezo kimoja: nani anaweza kukupa ruhusa zote mbili, kwa maandishi, kwa pesa unayoimudu?

Ninayeanza naye siku zote ni mwanamuziki anayejitegemea, aliyetunga na kurekodi mwenyewe. Anaweza kukuuzia ruhusa ya wimbo alionao, au akakutungia dakika tatu mpya zinazofuata picha zako. Lakini muulize mapema: biti ni ya nani? Filamu yangu ya dakika tisa iliishia kwa mama anayekunja nguo za marehemu mumewe, na gitaa linaingia anaposhika shati la mwisho. Mpiga gitaa alishatia saini. Wiki mbili kabla ya onyesho tukagundua kwamba ngoma zilizo chini ya gitaa lake alizikodi mtandaoni, kwa mkataba unaokataza filamu. Tulizitoa usiku huo huo, gitaa likabaki peke yake.

Mkataba wenyewe ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo na la filamu, malipo, itaonyeshwa wapi (matamasha, intaneti, televisheni), nchi zipi, kwa muda gani, na tamko lake kwamba kila sauti iliyomo ni yake. Mimi huomba dunia nzima, bila kikomo cha muda. Hapo usione haya.

Usipompata mtu wa namna hiyo, nunua wimbo mmoja kwenye maktaba ya muziki. Lile neno “bila mrabaha” linawapotosha wengi. Maana yake ni kwamba hulipi kila filamu inapoonyeshwa, si kwamba wimbo ni wa bure. Wimbo ule ule huwa na leseni za bei tofauti, kwa hiyo soma ipi inafika hadi kwenye tamasha.

Kulipia usajili wa maktaba za mtandaoni, kama Artlist au Epidemic Sound, kunamfaa anayetoa video mfululizo. Kwa filamu moja inayochukua miaka miwili kutengenezwa naona ni hasara. Ukiamua hivyo, soma kipengele cha kusitisha malipo: kazi iliyokwisha kutoka na iliyo bado mezani kwa mhariri huenda hazilindwi sawa.

Leseni za Creative Commons, ambazo msanii huzitumia kuruhusu kazi yake itumike kwa masharti, zilianza kutolewa 2002 na ni za bure, ila herufi zake ndizo zinazoamua. BY inataka umtaje msanii. NC inakataza biashara, nayo inakubana siku utakapouza tiketi. SA inataka filamu yako nayo itolewe kwa leseni ya namna hiyo hiyo. ND usiiguse kabisa, kwa sababu leseni yenyewe inahesabu kuoanisha muziki na picha zinazotembea kuwa ni kuubadilisha. Mimi hubaki na BY na CC0 (msanii ameachia haki zake zote), na siku ya kupakua hupiga picha ya ukurasa wenye leseni.

Kazi za kale pia zipo. Beethoven alifariki 1827, nota zake ni za kila mtu. Rekodi ya okestra ya mwaka jana si yako. Nchini Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zimekuwa huru tangu tarehe 1 Januari 2022. Rafiki mwenye piano, akikupigia nota hizo mkazirekodi upya, atakusaidia zaidi.

Wimbo maarufu nauweka mwisho. Wapo wenye haki wanaotoa leseni ya matamasha pekee kwa bei nafuu. Kwenye barua hiyo hiyo omba pia bei ya usambazaji, kabla filamu haijapendwa. Habari kwamba sekunde kumi ni bure haina msingi wowote. Na usiuweke hata kwa muda wakati wa kuhariri, maana sikio litauzoea na kila mbadala utakuchukiza.

Risiti, leseni na mkataba viweke kwenye folda moja na filamu. Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua muziki wenye haki, inaweza kuidai hata video yenye muziki uliolipiwa, na ukipinga dai hilo utahitaji karatasi hizo.