Mota ya dishi kubwa: inasukuma vizuri, lakini walioniuzia!

Sitamshauri mtu yeyote hapa Goma anunue mota ya dishi katika lile duka la Birere. Jina silitaji.

Dishi letu ni la chuma, mita 2.40, zito mno. Vile vimota vidogo vinavyozungusha dishi la mita moja haviliwezi. Linataka jeki ya umeme ya volti 36, ule mkono mrefu unaojinyoosha na kurudi. Nilitaka nilitoe kwenye setilaiti ya Intelsat 20, nyuzi 68.5 mashariki, nilipeleke hadi setilaiti ya SES-5, nyuzi 5 mashariki, bila kupanda na spana kila mara. Mlingoti haukunisumbua: nyumba yetu iko juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, ukishapasua shimo kwa mtaimbo na kumwaga zege, hautikisiki.

Wakaniuzia mkono wa inchi 24, wakanipa na fundi wao. Akaanza kuinua mhimili, ule ambao dishi huzungukia, kama ulivyochorwa kwenye karatasi ya kiwandani. Nikamwambia, kaka, hiyo picha ni ya Ulaya. Sisi hatufiki hata nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Mhimili hapa unalala karibu sambamba na ardhi, mstari wa setilaiti angani unapita karibu na utosi. Hilo akalikubali, shingo upande. La pili hakutaka kulisikia kabisa. Kichwa cha mota kina kitundu cha kutolea maji, na kitundu hicho lazima kitazame chini. Yeye akakifunga kikatazama juu. "Mama, hii ni kazi yetu, utuachie."

Mvua ya Goma mnaijua. Asubuhi moja nikabonyeza, mkono ukavuma tu bila kusogea, namba kwenye kisanduku cha kuendeshea mota zikawa zinaruka ovyo. Nilipofungua kifuniko, maji ya rangi ya kutu yakanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Kile kihisio kinachohesabu mizunguko kilikuwa kimelowa chote, nyaya zake zimeota kutu ya kijani.

Nikaibeba hadi dukani. Mwenye duka hakuiangalia hata. Alikuwa anahesabu franka, akasema bila kuinua kichwa: "Mama, lete bwana yako, tutaongea naye." Mbele ya wateja! Nani alilipa? Mimi. Nani aliyemwonyesha fundi wao mhimili unakaaje? Mimi. Siku ya kupokea dola zangu hakuna aliyeuliza habari za bwana. Nilisimama pale na ile mota mikononi, inachuruzika maji kwenye sakafu yake, na hakuna hata kijana mmoja wa duka aliyeinuka kuipokea.

Niseme haki ya mota yenyewe. Niliikausha, nikanunua kihisio kingine, nikapaka grisi, nikageuza kitundu kikatazama chini. Sasa lile dishi lote linageuka polepole kutoka mashariki, upande wa Gisenyi, mpaka magharibi, upande wa Sake, linasimama palepale nilipoliagiza, na upepo wa ziwa haulisogezi. Mama mkwe hutoka nje kulitazama likitembea. Ni kitu kizuri kweli, na nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kuwaambia mkinunue.

Lakini hapana. Ninavyoandika hasira inanipanda upya. Kihisio nimekilipia mwenyewe, garanti waliyoiandika kwa mkono wao ninayo hapa mezani, na hawajanirudishia hata franka moja. Mota ikiharibika kesho narudi kwa nani? Kwa yule yule asiyetaka kuongea na mwanamke? Basi sifa zote nilizozitoa hapo juu naziondoa, kwangu mimi mota hiyo haifai.

Dada zangu mnaokitaka kitu hiki, kinunueni Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, au kwingine kokote. Na kabla fundi hajakusanya vyombo vyake, panda mwenyewe ngazi uone kitundu kinatazama wapi.