Hitisinki ndogo za shaba kwa mosfeti: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, kwa mashine yenye prosesa ya AMD FX-8350. Kasi yake ya kiwandani ni GHz 4.0, niliipandisha hadi 4.5 ili video zitoke kabla umeme haujakatika. Ila mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, ni ya bei ya chini, na mosfeti zake, vile vidude vinavyoipa prosesa umeme, ziko uchi, hazina hata kipande cha chuma cha kupoza juu. Nikianza kutoa video, baada ya muda mfupi kasi inaporomoka hadi GHz 1.4, inapanda, inaporomoka tena, na huku joto la prosesa yenyewe liko sawa kabisa. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha pasta ya kupitishia joto ya prosesa, na hela inapotea bure.

Mosfeti ndizo zinazoshusha volti 12 za pawasaplai hadi kama volti 1.3 za prosesa. Prosesa ikila wati 130 kwa volti hizo, inavuta ampea 100, na zote zinapitia vidude vidogo kuliko ukucha. Vikichemka, bodi inajilinda kwa kupunguza kasi.

Nikanunua pakiti ya hitisinki ndogo za shaba, yaani vipande vya kubandika juu ya mosfeti ili vitoe joto. Sisi wa mji huu wa migodi ya shaba hatuuziwi alumini iliyopakwa rangi tukaambiwa ni shaba: nilikwaruza moja kwa tupa upande wa chini, wekundu ukaendelea hadi ndani. Ni nzito mkononi na mapezi yake yamechongwa vizuri. Hapo sina lawama.

Lawama ni utepe wa kubandikia uliokuja nazo. Bodi ikisimama ndani ya kasha, utepe ukipata joto unalegea, na hitisinki moja ilidondoka juu ya kadi ya grafiki. Heri mashine ilikuwa imezimwa, maana shaba inapitisha umeme na ingeweza kuunguza kadi nzima. Nikabandua zote, nikasugua mosfeti kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikaweka utepe wa 3M 8810, unaonata na kupitisha joto, na kukandamiza kila moja kwa kidole. Hakuna iliyosogea tena. Jamani, msitumie gundi ya kawaida, inazuia joto. Epoksi ya kupitishia joto inashika kweli, lakini siku ya kubandua mosfeti inaweza kung'oka nayo.

Halafu upepo. Kipozeo changu cha prosesa ni kile kirefu, kinapuliza kuelekea nyuma ya kasha, mosfeti hazipati kitu. Kwa hitisinki peke yake kasi ilichelewa kuporomoka, lakini kwenye joto la Oktoba iliporomoka tu. Nilipofunga feni ya milimita 80 ikipuliza juu yake moja kwa moja, GHz 4.5 ikatulia tangu mwanzo wa video hadi mwisho.

Kwa hiyo nunueni, ila hesabuni pia bei ya utepe mzuri na feni. Kama bodi yako tayari ina hitisinki kubwa iliyofungwa kwa skrubu, wewe nunua feni tu.