Duka la pembejeo Mbulu: lete mmea na mizizi yake, ndipo uuziwe dawa

Kwa wenzangu wa Mbulu wanaolima kitunguu saumu nyuma ya nyumba, nalipendekeza duka dogo la pembejeo la karibu na soko, lile lenye mizani juu ya kaunta. Ukifika ukasema, "Vitunguu vyangu vina ukungu, nipe dawa," hupewi. Unaulizwa mmea uko wapi. Na wanautaka mzima, na mizizi yake.

Nilipopeleka wangu, muuzaji hakuhangaika na majani yaliyogeuka njano. Aliukung'uta udongo, akamenya ganda la nje, akanionyesha kitako: utando mweupe, na ndani yake vichembe vyeusi, vidogo kuliko mbegu za mchicha. Mizizi ilikuwa imeoza karibu yote, ndiyo maana mmea uling'oka bila kuvutwa.

"Mama, dawa ya hii sikuuzii," akasema. "Huu ni uozo mweupe. Utanyunyizia majani mpaka bomba lichakae."

Akaeleza kwamba vichembe vile hukaa ardhini zaidi ya miaka 20 vikiwa vimelala, mpaka mizizi ya kitunguu iote karibu. Harufu yake ndiyo inayoviamsha. Basi ng'oa mmea pamoja na udongo unaouzunguka, uchome, usiutupe kwenye mboji. Jembe lioshwe kabla ya kuingia tuta jingine. Tuta lile lisipandwe tena jamii yoyote ya kitunguu, hata liki. Maharage na karoti ruksa. Nilitoka bila kununua kitu, na sijawahi kuhudumiwa vizuri vile. Kwingine, nisikotaja, nilikabidhiwa chupa ya dawa ya wadudu kabla sijamaliza kueleza.

Ugonjwa wa kutu wa majani ni habari nyingine, ule wanakuuzia dawa. Nilipeleka majani yenye vipele vya rangi ya chungwa. Ukipitisha kidole, unga wake unabaki kidoleni. Nikapewa dawa ya ukungu yenye tebukonazoli na gundi ya kushikisha, kwa kuwa jani la kitunguu lina nta na maji huteleza. Alisisitiza nianze kunyunyizia majani yakiwa bado machache yenye vipele, na nipunguze mbolea ya urea. Kwa ugonjwa wa baka zambarau wana dawa ya mankozebu, lakini watakuambia wazi: inakinga jani ambalo bado halijaugua, haiponyi lililokwisha kuugua. Kila pakiti niliyonunua ilikuwa imefungwa, ina lebo ya Kiswahili na namba ya usajili ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Bei iko juu kidogo. Pakiti ndogo nazo hawana: mwenye matuta mawili analazimika kununua ya mwenye shamba. Kukufungulia pakiti wakupimie hawakubali, na hapo nawaunga mkono kabisa, maana dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda nyumbani kwenye watoto ni hatari kuliko ugonjwa wa kitunguu. Mizani ile ni ya kukuonyesha kipimo cha bomba lako, na unga unarudi kwenye pakiti yako. Lakini pakiti za gramu 100 zipo sokoni, wangezileta. Mbegu safi hawana.

Nendeni asubuhi, mwenyewe akiwepo. Msaidizi wa jioni huuza tu bila kuuliza, hata ukienda na mmea mkononi.