Uzoefu wangu: mwaka wa nne na amri ya ruwaza kwenye programu ya CAD

Ruwaza ni amri ya programu ya CAD (ya kuchora vipuri kwa kompyuta) inayorudufu umbo moja mara nyingi kwa mpangilio. Nianze na flanji iliyonitia aibu, ile pete ya chuma ya kuunganishia mabomba kwa bolti, maana imenifundisha amri hii kuliko video zote nilizowahi kuangalia.

Nilikuwa na faili la flanji ya DN100, PN16 (DN ni ukubwa wa bomba, PN ni daraja la shinikizo). Wanaochora mabomba wanaijua: kipenyo cha nje milimita 220, duara la bolti (linalopita katikati ya matundu) 180, matundu 8 ya milimita 18. Nilichora tundu moja tu, nikafungua ruwaza ya duara, nikachagua mhimili wa katikati, nikaandika 8 na nyuzi 360, basi. Tundu hilo la kwanza, tundu mama, nililiweka nyuzi 22.5 kutoka kwenye mstari wa katikati, kwa sababu flanji za mabomba kwa kawaida haziwekwi tundu juu ya mstari huo. Matundu mawili huupakata, moja huku, moja kule.

Ikaja kazi ya DN200. Kuchora upya kwa nini? Nikanakili faili, nikabadilisha vipimo: nje 340, duara la bolti 295, matundu 12 ya milimita 22. Kufumba na kufumbua flanji mpya hiyo kwenye skrini, safi kabisa. Nikaituma ikakatwe.

Mchomeleaji alipiga simu. "Injinia, bolti hazikubali."

Nikamwambia azungushe flanji kidogo.

"Nizungushe vipi, na nimeshaichomelea kwenye kiwiko? Nimefuata mstari wa katikati ulioweka wewe."

Alikuwa na haki. Matundu 12 yanataka tundu mama likae nyuzi 15. Mimi nilibadilisha idadi, zile 22.5 nikaziacha palepale, namba kavu iliyoandikwa kwa mkono. Tofauti ya nyuzi 7.5 ukiisikia unaidharau, lakini kwenye duara la 295 ni zaidi ya milimita 19, karibu tundu zima. Siku hizi kwenye kipimo hicho siandiki namba. Naandika 180 gawanya kwa idadi ya matundu, na hiyo idadi ni parameta (thamani yenye jina) ileile inayolisha ruwaza. Nikiweka 4, tundu mama linakwenda 45. Nikiweka 12, linakwenda 15. Programu ilikuwa na uwezo huo tangu siku ya kwanza niliyoifungua.

Jina la programu silitaji, kwa kuwa nina manung'uniko yangu nayo na sipendi ugomvi. Ni ya ukoo uleule ulioanza kuingia sokoni na Pro/ENGINEER mwishoni mwa miaka ya 1980: mchoro ni mlolongo wa hatua zilizoandikwa kwenye mti pembeni, ukigusa hatua ya juu zote za chini yake zinakokotolewa upya. Ndiyo maana kurudufu humu si kama kunakili picha. Kinachorudufiwa ni maagizo.

Hilo nililielewa vizuri kwenye mbavu. Nilikuwa na kifuniko chenye mgongo ulioinama, ndani yake kinahitaji mbavu 6 za kukiimarisha. Ubavu wa kwanza niliuagiza uende juu mpaka ukute uso unaofuata, nikaurudufu kwa mstari. Zikatoka mbavu sita zenye kimo kimoja. Zilizo upande wa chini zimetoboa mgongo na kuchungulia nje, zilizo upande wa juu zinaning'inia hazijafika. Nilidhani programu imeharibika. Kumbe kuna kisanduku kidogo chini ya dirisha la amri, kinachochagua kati ya kunakili umbo la mama kama lilivyo na kuikokotoa kila nakala mahali pake. Nikabadilisha chaguo, kila ubavu ukapanda mpaka ulipokuta mgongo wake. Kisanduku hicho ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye amri hii, na wamekificha mahali ambapo mgeni hawezi kukiona.

Kukokotoa kila nakala kuna gharama, lakini. Bamba la chujio lenye matundu 30 kwa 20 (600 jumla, na tundu mama linahesabiwa humo, usiongeze moja) lilinifanya nisikilize feni ya kompyuta kila nilipobadilisha unene. Bamba ni bapa, kila tundu ni sawa na mwenzake, hakuna cha kukokotoa. Kwa kazi ya namna hiyo narudi kwenye kunakili umbo tupu, mambo yanakwenda upesi.

Ruwaza ya mstari ina mtego mdogo wa hesabu. Bamba la milimita 200, matundu 5, la mwanzo na la mwisho yakae milimita 20 kutoka ukingoni. Umebakiwa na 160, na matundu matano yana nafasi nne katikati yake, kwa hiyo 40. Unaweza kuipa programu hiyo 40, au kuipa 160 kama urefu wote igawanye yenyewe. Mimi napenda ya pili, maana bamba likirefuka matundu yanajipanga. Sasa, programu yangu inakumbuka chaguo la mara ya mwisho bila kukwambia. Ukiandika 160 ukidhani ni urefu wote, inaweza kuichukua kama nafasi kati ya tundu na tundu, na matatu ya mwisho yakaenda kutoboa hewa nje ya bamba. Wala haitoi onyo.

Wengi huniuliza kwa nini nisirudufu miduara ndani ya skechi (mchoro bapa wa mwanzo), halafu nitoboe yote kwa mkupuo. Nilifanya hivyo mwaka mzima wa kwanza. Skechi inajaa vipimo na masharti mpaka inakuwa nzito kufungua, na siku ya kuunganisha vipuri unakosa faida kubwa: ukiwa na ruwaza ya vipengele, yaani ya matundu yenyewe, unaweka bolti moja na nati yake, unaiambia ifuate ruwaza ya matundu, zinajaa zenyewe. Matundu yakiongezeka na bolti zinaongezeka. Kwenye skechi ile yangu ya zamani bolti hazikuwa na cha kufuata, nilizipachika moja moja.

Kulainisha kona kunataka mpangilio. Kona za ubavu zilainishe kwenye ubavu mama, kisha vyote viwili viingie kwenye ruwaza pamoja. Ukisubiri mpaka mbavu zote zitokee, utabofya kingo hadi kidole kiume, na idadi ikibadilika unaanza upya. Amri ya kioo, inayogeuza umbo kama linavyoonekana kwenye kioo, nayo ni nzuri kwa vipuri vya kushoto na kulia, ila tazama maandishi. Namba ya kipuri niliyoichonga upande mmoja ilisomeka kinyumenyume upande wa pili, na hakuna aliyeiona mpaka kipuri kikawa mkononi.

Nung'uniko langu kubwa ni kuruka nakala. Unaweza kubofya nakala usizozitaka zikaondoka, raha kabisa, lakini programu inazikumbuka kwa namba ya foleni wala haijali zilipokaa. Nilikuwa na safu ya matundu 9, nikaondoa la tano kwa sababu lilipita juu ya ukuta wa ndani. Safu ikawa 11 kwa urefu uleule, ukuta sasa uko chini ya tundu la sita, programu bado inaruka la tano. Sina dawa nzuri ya hilo. Huwa naandika dokezo kwenye mti, "angalia ukuta ukibadilisha idadi", na kuomba Mungu nilisome.

Wiki iliyopita nimefungua tena faili lile la flanji, safari hii kwa DN350. Nje 520, duara la bolti 470, idadi 16, matundu ya 26. Tundu mama likasogea lenyewe hadi nyuzi 11.25, bolti 16 zikakaa. Nikapima pembe kwenye skrini mara mbili, kisha nikampigia yule mchomeleaji kumwambia asichomelee kwanza, ajaribishe bolti mbili.

"Hata ungenituma nichomelee," akasema, "nisingechomelea."