Feni ya kuchaji ya inchi 12, baada ya miezi mitano Juba

Mimi ni wa Makete. Kwetu mwezi wa sita tunaamka majani yameshika barafu, na feni nilizizoea kuziona gesti za Dar tu. Nilipokubali kwenda Sudani Kusini kufundisha kwa kujitolea, nikapita Kariakoo nikanunua hii kwa elfu 75. Ina betri, taa, tundu la kuchajia simu na kipaneli cha sola.

Nilifika Februari 2024. Machi serikali ikafunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto, ikatangaza linaweza kufika nyuzi 45.

Usiku sina ugomvi nayo. Ukiiweka namba moja saa tatu inakufikisha alfajiri, na mbu hawatulii juu yako. Mchana chini ya bati ni habari nyingine: upepo wake ni kama umefunua sufuria ya maji yanayochemka ukainamia. Siku moja nilikaa mbele yake tangu saa sita, najiona mjanja. Midomo ikakauka, kichwa kikagonga, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi.

Mwalimu mwenzangu, mama aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili anacho, akanikuta hivyo. "Mwalimu, unajianika kama samaki." Akachukua kanga yangu, akailoweka, akaikamua kidogo, akaitandaza kwenye mgongo wa kiti mbele ya feni. Kisha akanichotea maji ya zir, ule mtungi wao wa udongo unaovuja jasho, akatia sukari na chumvi kidogo. Upepo uliopita kwenye kanga ile, jamani, nilikumbuka nyumbani. Ila inakauka upesi, lazima uwe unailoweka tena, na mvua zilipoanza, hewa ikiwa nzito, haikusaidia kitu.

Kipaneli cha sola ni pambo. Betri nayo ilivimba Aprili. Fundi wa soko la Konyo Konyo akanigombeza kwa kuichaji mchana chini ya bati. Betri mpya dola 15.

Nyota tatu kati ya tano. Maji na kanga ndivyo vilivyonivusha.

Nilipoondoka nilimwachia mama yule feni. Akaniuliza na kanga nayo je.